Tawi la kiwanda kwenye ubao wa futi nane

Meza hii ya reli ndogo ilijengwa mara mbili. Ya kwanza ilishindwa kwa sentimita nne na nusu, na aliyeichora ni mimi. Iko Iyunga, Mbeya, kwenye chumba cha nyuma cha mstaafu mmoja wa TAZARA ambaye hapa nitamwita Mzee tu, maana hata mtaani hakuna anayemwita vinginevyo. Alianza kazi akiwa kijana, akapelekwa mafunzo Mpika upande wa Zambia, na miaka yake mingi aliimaliza chini kwenye kokoto, akiunganisha na kuachanisha mabehewa. Hakuwahi kuendesha treni. Ukimwita dereva anakasirika. Ukimwita karani anakasirika zaidi.

Siku moja mjukuu wake wa darasa la sita alimuuliza, "Babu, kazini ulikuwa unafanya nini hasa?" Mzee akaeleza kwa njiti za kiberiti juu ya mkeka, mtoto akaelewa nusu. Kesho yake akaja kwangu, kwa sababu mimi natengeneza redio na inveta na mtaani fundi wa kimoja huhesabiwa fundi wa vyote. Akasema, "Kijana wangu, nataka reli ya kwenye meza. Iwe inafanya kazi. Sitaki treni ya kuzungukazunguka kama mtu aliyepotea porini."

Sharti hilo ndilo lililotupa shida yote, na ndilo lililotuokoa.

Behewa liwe la ukubwa gani

Kabla ya mchoro wowote lazima uamue skeli, yaani kila kitu kipunguzwe mara ngapi, na kwa reli yetu uamuzi huu una mtego. Reli za TAZARA zimeachana kwa milimita 1,067. Reli ndogo zinazouzwa kwa wingi duniani, zile za HO za skeli ya 1:87, zimeachana kwa milimita 16.5, na kipimo hicho kilipigiwa hesabu ya reli pana ya 1,435. Ukichonga behewa la TAZARA kwa 1:87 ukaliweka juu ya reli hiyo, linakaa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kwa 1:87 upana wa milimita 12 ndio ungekaribia, ila vifaa vyake ni adimu, na kutoka Mbeya kila kitu kinaagizwa mbali.

Dawa ilikwisha kupatikana New Zealand, ambako reli ni ya 1,067 kama yetu. Wao huiacha reli ileile ya 16.5 inayopatikana kila mahali, wakabadilisha kila kinachokaa juu yake kiwe cha 1:64. Zidisha 16.5 kwa 64 upate 1,056. Umepungukiwa milimita 11 za dunia halisi, ambazo juu ya meza hazifiki hata robo ya milimita. Mtindo huo unaitwa Sn3½, na wako wanaoufuata Australia na Afrika Kusini. Iko njia nyingine ya watu wa nafasi finyu: reli ya milimita 9 na skeli ya 1:120, inayotoa 1,080. Nayo si mbaya hata kidogo.

Mimi nilitaka 1:120. Kwenye ukuta uleule ungepata karibu mara mbili ya mabehewa. Nikakata vipande viwili vya mbao, kimoja cha sentimita 11 na kingine cha sentimita 20, nikampa Mzee. Akakishika kile kidogo kwa vidole viwili, akakisogeza karibu na miwani, akakirudisha. "Hiki kiwavi." Mjadala ukaishia hapo. Nilichukia kidogo, lakini alikuwa na haki: kuachanisha mabehewa kwenye meza kunafanywa kwa kijiti kinachoingizwa kati ya kapla mbili, vile vishikizo vinavyounganisha behewa na behewa, na mkono wa mtu wa umri wake haukupaswa kuhangaishwa na kapla ya ukubwa wa punje ya mchele.

Tukachukua behewa la mita 13 kuwa kipimo chetu. Kwa 1:64 ni sentimita 20.3, na pamoja na kapla zake linakula reli ya sentimita 21.5. Kichwa cha kushanti, yaani cha kuhamisha na kupanga mabehewa, tulichokikadiria kwa picha na kwa kumbukumbu ya Mzee, kinakula sentimita 23. Namba hizo mbili, 21.5 na 23, ndizo zilizotuhukumu baadaye.

Michoro miwili iliyokufa

Mchoro wa kwanza alichora Mzee mwenyewe, na ajabu ni kwamba ulikuwa duara. Plaiwudi nzima ya futi nne kwa nane, treni inazunguka, kona moja ina handaki, kona nyingine ina daraja la Mpanga. Ukimsikiliza anavyosimulia unamwelewa. Reli hii ya kilomita 1,860 ina mahandaki 22, mengi yakiwa kati ya Mlimba na Makambako. Ina Mpanga yenye nguzo za mita 50 hivi. Na pale Uyole, mlangoni kwetu, inapanda hadi mita 1,789 kutoka usawa wa bahari, kilele cha njia nzima. Nani ataacha hayo yote achore ghala la mbolea?

Hesabu ndiyo iliyolizima. Mpanga kwa 1:64 ni sentimita 78, kimo cha meza ya kulia chakula. Reli yote ingekuwa ya kilomita 29: ukianzia Iyunga unaipita Mbalizi na safari bado inaendelea. Kwenye futi nne kona inayoingia ni kali, na behewa la sentimita 20 kwenye kona hiyo linatoa tumbo nje kama lori la nguzo kwenye kona za Kitonga. Isitoshe, chumba kina mita 3.6 kwa 3 na kitanda cha mgeni ndani yake. Na zaidi ya yote, duara lilivunja sharti lake mwenyewe. Nilipomkumbusha mtu aliyepotea porini, akakunja karatasi.

Mchoro wa pili ni wangu. Huu ndio tuliojenga, na huu ndio ninaotaka kuuchambua kwa kirefu, kwa kuwa kosa lake hulioni kwenye karatasi hata ukilitazama wiki nzima.

Nilikata plaiwudi kipande cha sentimita 45 kwa urefu wake wote wa sentimita 244, kikae ukutani kama rafu. Juu yake nikapanga kipishano katikati, ili kichwa kiweze kuzunguka mabehewa yake na kuyashika upande wa pili. Njia mbili za viwanda zikatoka kulia, na ya tatu ikaanzia kushoto kuelekea ghala. Pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zikawa tano kwa jumla. Kwenye karatasi kipishano kilibeba mabehewa matatu, kila njia ya kulia ilibeba matatu, na nafasi ikabaki. Nilijiona mhandisi.

Sasa fuata hesabu. Pointi tulizonunua, za nusu kipenyo cha wastani kutoka Peco, watengenezaji wa reli ndogo, zina urefu wa sentimita 21.9 kila moja na njia zake zinaachana kwa nyuzi 12. Kipishano nilikipigia hivi: pointi mbili sentimita 43.8, mabehewa matatu 64.5, jumla 108.3. Nikaongeza sentimita 40 za mwisho wa kushoto ambapo kichwa kinatoka na kurudi. Zikabaki 95.7, toa pointi moja, bakia 73.8, mabehewa matatu yanaingia na sentimita tisa zinasalia.

Mzee alipoweka mabehewa ya kwanza, kabla hata hatujapitisha umeme, alisimama akatazama. Akasukuma behewa moja kwa kidole kwenye njia ya kipishano, akalisimamisha mara tu baada ya pointi, mahali ambapo mchoro wangu unasema pana nafasi. Kisha akasukuma lingine kwenye njia ya jirani. Yakagongana pembe kwa pembe.

"Alama iko wapi?" akauliza.

Alama gani? Kumbe kwenye reli ya kweli, kila njia mbili zinapoachana, iko alama chini inayoonyesha behewa lisimame wapi ili jirani yake apite salama. Njia haianzi kuwa njia pale pointi inapokwisha. Inaanza pale ambapo mabehewa mawili yanaweza kusimama bega kwa bega bila kugusana. Behewa la upana wa mita tatu ni sentimita 4.7 kwa 1:64. Ukiongeza uwazi mdogo, mistari ya kati ya njia mbili lazima iwe imeachana sentimita 5.5. Kwa nyuzi 12 umbali huo unaupata sentimita 26 baada ya pale mistari inapokutana, yaani kama sentimita 15 baada ya mwisho wa pointi yenyewe. Sentimita hizo 15 ni reli ambayo umeinunua, umeigongelea, na huruhusiwi kusimamisha kitu juu yake.

Kipishano kina ncha mbili, kwa hiyo kilikula 30. Njia ya kulia ikala 15 nyingine. Jumla 45, mabehewa mawili kamili na chenji. Kipishano cha mabehewa matatu kikawa cha behewa moja, na njia za kulia zikawa za mawili mawili.

Na hilo lilikuwa kosa dogo.

Neki

Kubwa lilikuwa kushoto, kwenye zile sentimita 40. Mzee anakiita kipande hicho neki, neno la wanaoshanti: ni reli ambayo kichwa kinarudi nyuma na mabehewa yake mpaka la mwisho liivuke pointi, pointi igeuzwe, kisha yasukumwe kwenye njia nyingine. Mimi nilikipimia kichwa peke yake, sentimita 23, nikaona 40 ni ukarimu. Lakini njia ya ghala ilianzia palepale kushoto. Ili kulitoa behewa moja ghalani, kichwa na behewa hilo lazima viingie kwenye neki pamoja: 23 na 21.5 ni 44.5. Neki ni 40.

Sentimita nne na nusu. Behewa linabaki limekalia ulimi wa pointi, na pointi haigeuki. Ghala lenye mlango mzuri, paa la bati nililolikunja kwa chuma cha mwavuli, na hakuna behewa linaloweza kutoka humo isipokuwa kwa mkono wa Mungu au wa mjukuu.

Nimewahi kuona watu wakifikia hapa wakatafuta kichwa kifupi zaidi, au wakachukua mabehewa mafupi, na meza ikapona. Nasi tungeweza. Mzee akakataa, na sababu yake ndiyo niliyoibeba kutoka kwenye kazi hii yote. Alisema neki ndiyo inayoamua tawi lina nguvu gani. Njia za ndani ni mifuko tu. Tawi lenye njia sita na neki ya behewa moja ni tawi la behewa moja. Tawi lenye njia mbili na neki ya mabehewa matatu ni tawi la mabehewa matatu. Mimi nilikuwa nimechora kuanzia viwandani kurudi nyuma, kila kiwanda nikikipa njia yake, na kilichobaki mwishoni ndicho nikakiita neki. Nilipaswa kuanza nayo.

Tukang'oa. Pointi tatu kati ya tano zikarudi kwenye boksi, na bado zimo.

Mchoro uliosimama

Neki mpya haiko kwenye ubao kabisa. Ni kaseti: kipande cha mbao cha sentimita 110 chenye vyuma viwili vya alminiamu vya pembe, masalia ya fundi wa madirisha, vilivyogandishwa kwa upana wa 16.5 vikawa ndiyo reli. Inaunganishwa upande wa kushoto wakati wa kazi, na kazi ikiisha inasimamishwa nyuma ya mlango. Kichwa na mabehewa matatu vinakula 87.5, kwa hiyo zinabaki sentimita 22.5 za kupumua. Kaseti hiyohiyo ndiyo stesheni: tunajifanya kwamba treni ya mizigo imeacha mabehewa stesheni, nje ya meza, na kichwa cha kushanti kinayaleta kwa kuyasukuma, mabehewa mbele, kichwa nyuma. Kwa kuwa kichwa kiko kushoto siku zote, hakuna haja ya kukizungusha. Kipishano kikafa bila kuliliwa.

Ubaoni zikabaki pointi mbili. Ya kwanza inaliachanisha tawi na njia kuu, ambayo inapita nyuma kando ya ukuta na kupotelea kwenye mikaratusi ya kuchorwa. Ya pili inaligawa tawi: njia ya mbele ni ya ghala, ya katikati ni ya kupakia nguzo. Ukitoa kipande kifupi cha kuanzia, pointi mbili, na sentimita 15 za kila alama (sasa zimo kwenye hesabu, na zimepakwa rangi nyeupe kwenye taruma moja moja), ubao unabakiwa na sentimita 164. Njia ya ghala ingeweza kusimamisha mabehewa saba. Tumeiruhusu matatu.

Hapa tulibishana tena, maana mimi bado nilikuwa na uchu. Nilikuwa nimesoma kuhusu Inglenook, fumbo la Mwingereza Alan Wright: njia tatu, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, una mabehewa manane na unatakiwa upange matano kwa mpangilio uliotoka kwa kura. Mipangilio yake ni 6,720. Hata ukilipunguza likawa la njia ya matatu na mbili za mawili, bado unayo 60. Nikamwonyesha Mzee. Akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza ni kiwanda gani kinachopokea mabehewa kwa kura.

Kwake behewa haliendi kwenye njia, linaenda mahali. Behewa la mifuko lina mlango wake ghalani, na mlango wa kwanza si mlango wa pili, kwa sababu wapagazi wa mahindi wako huku na wa mbolea wako kule. Tanki la dizeli linakwenda mwisho kabisa, kwenye pampu, mbali na watu. Kwa hiyo kwenye njia moja ya ghala tuna mahali patatu: mlango wa kwanza, mlango wa pili, pampu. Milango imeachana kiasi kwamba mabehewa mawili hayawezi kusimama yakiwa yameunganishwa. Njia ya nguzo ina nafasi tatu, na baada ya hapo kuna kizuizi.

Kiwanda chenyewe hakipo kwenye ramani. Tumekiweka kati ya Iyunga na Mbalizi, na Mzee amechanganya humo matawi kadhaa aliyoyafanyia kazi.

Tanki moja

Mfano wa kazi. Ghalani yamesimama mabehewa mawili milangoni, na mwisho kuna tanki tupu. Kaseti inaleta tanki lililojaa. Kazi ni kubadilisha matanki, milango ibaki kama ilivyokuwa. Neki ni ya mabehewa matatu, na kwenye njia kuu huachi behewa hata kwa dakika moja.

Kichwa kinaingia ghalani na tanki lake, kinaunganisha mabehewa mawili ya milangoni, kinavuta: matatu, neki imejaa. Kinayasukuma yale mawili kwenye njia ya nguzo na kuyaacha. Kinarudi ghalani na tanki lililojaa, kinashika tanki tupu, kinavuta. Kinalisukuma tupu njia ya nguzo, linakuwa la tatu, nafasi zimekwisha. Sasa kimebaki na tanki lililojaa peke yake. Kinalipeleka mpaka pampu. Kinarudi njia ya nguzo, kinavuta yote matatu, tupu likiwa karibu na kichwa. Ghalani tena: behewa la mlango wa pili linaachwa kwanza, kisha la mlango wa kwanza. Kinaondoka na tanki tupu.

Kila hatua imekaa kwenye neki ya sentimita 110, na mara mbili imejaa. Neki ingekuwa ya behewa moja, kazi hii haifanyiki. Njia ya nguzo ingekuwa ya behewa moja, haifanyiki. Na ikiwa mabehewa mawili ya nguzo yamesimama pale yakisubiri, haifanyiki pia mpaka yaondolewe kwanza. Ndiyo maana sheria ya meza inasema siku ya tanki nguzo ziwe zimekwisha ondoka. Mjukuu alipoijaribu mara ya kwanza alitumia karibu nusu saa, akajifungia mwenyewe mara mbili. Pointi mbili tu hizo.

Misimu imeongeza utamu ambao sikuutarajia. Huku kwetu mahindi yanavunwa kuanzia Juni na kuendelea, na mbolea inahitajika kabla mvua za Novemba hazijakaza. Kwa hiyo Julai mabehewa yanaingia matupu na kutoka yamejaa. Oktoba ni kinyume, yanaingia yamejaa mbolea, na baadhi hubaki kuchukua mahindi ya mwisho, yaani yanahamishwa kutoka mlango wa pili kwenda wa kwanza bila kutoka kwenye tawi. Kuhamisha behewa moja mlango mmoja nyuma, kwenye njia yenye ncha moja, ni kazi kuliko kulileta kutoka stesheni.

Mbao na umeme

Kuna mambo ya ufundi yaliyotugharimu, nayo nitayapitia haraka.

Fremu ya kwanza tuliitengeneza kwa mbao za msindano zilizotoka Mafinga, ambazo muuzaji aliapa zimekauka. Hazikuwa zimekauka. Baada ya wiki sita ubao uliinama milimita nne ndani ya mita moja na robo, na behewa likiachwa mlangoni lilianza kutembea lenyewe kuelekea pampu. Mzee alicheka mpaka akakaa. Kwenye kazi yake behewa linalotembea lenyewe halikuwa jambo la kuchekesha. Fremu ikatengenezwa upya kwa vipande vya plaiwudi vilivyosimamishwa wima. Na kwenye kila mahali pa kusimama tukachomeka nywele mbili za brashi ya viatu kati ya reli, ziguse ekseli kidogo. Behewa linasimama, kichwa kikilivuta linakuja. Mzee anaziita hendibreki.

Umeme ni betri ya volti 12 ya sola, kupitia kidhibiti nilichokitengeneza mwenyewe, kwa hiyo umeme wa ukuta ukikatika kazi inaendelea. Tatizo lilikuwa kwenye moyo wa pointi, pale reli mbili zinapokatana, kipande ambacho Wamarekani wanakiita chura. Kwenye pointi zenye moyo wa plastiki, kichwa kinachotembea polepole kinapoteza umeme na kuzimika, na kushanti kote ni polepole. Tukachagua zenye moyo wa chuma. Hizo lazima moyo ubadilishiwe umeme kila pointi inapogeuzwa, ama sivyo reli zinapiga shoti. Spoku ya baiskeli inapita chini ya ubao, unaivuta kwa mbele; upande mmoja inasukuma ulimi wa pointi, upande wa pili inasogeza swichi ya kutelezesha niliyoing'oa kwenye redio kuukuu. Mwendo mmoja, kazi mbili. Katika yote niliyoyafanya pale, spoku hizo ndizo ninazojivunia, na hakuna mgeni aliyewahi kuziuliza.

Mabehewa tumeyajenga kwa vipande vya plastiki vinavyobaki kwa mafundi wa mabango, juu ya boji za HO, yaani fremu ndogo zinazobeba magurudumu. Kichwa kina chesisi ya mtumba ya HO ndani ya bodi ya 1:64. Ukikigeuza juu chini siri inafichuka.

Kilichobaki

Sehemu dhaifu sasa ni pale kaseti inapokutana na ubao. Pini mbili za shaba ndizo zinazoipanga, na wakati wa kiangazi reli zinakutana bila kuhisi kitu ukipitisha kucha. Mvua zilipokolea Januari, ubao ulivimba karibu milimita moja, na gurudumu la mbele la tanki likawa linaruka kila likivuka. Tumetia vanishi kwenye kingo zote zilizokatwa, jambo lililopaswa kufanywa siku ya kwanza, na pini moja tumeitengenezea tundu refu ili ijisogeze. Mwezi Machi tutapima tena.

Mjukuu bado anadai handaki. Mzee amemwambia alichore kwenye ukuta, nyuma ya mikaratusi, na awe makini lisiwe karibu na alama.